Kumtunza simbilisi mwenye ugonjwa wa mifupa usiopona

Kama daktari wa wanyama ameshapiga picha na kukuambia simbilisi wako ana osteodistrofi, pole sana, najua saa hizi kichwa kinakuzunguka. Huu ugonjwa hauponi, hilo tuliseme mapema ili tusidanganyane. Lakini kutopona sio sawa na kufa kesho, kuna simbilisi wanaishi nao kwa muda mrefu wakiwa wanakula vizuri na kulala bila shida, na kuna wengine wanaisha haraka na kwa mateso, na mara nyingi kinachowatenganisha ni vitu viwili: maumivu yametulizwa au hayajatulizwa, na anakula au hali. Hivyo ndivyo vya kuvikomalia, hayo mengine yote nitakayoandika hapa yanaenda kwenye hivyo viwili.

Kinachotokea mwilini kwa kifupi ni kwamba madini ya kalsiamu yanachotwa kwenye mifupa kuliko yanavyorudishwa, na pale yalipotoka panajazwa nyuzinyuzi laini ambazo haziwezi kubeba mzigo. Tezi za parathiroidi zilizoko shingoni ndizo zinatoa homoni inayoamrisha huo uchotaji. Ndio maana kipimo cha damu kinaweza kuonyesha kalsiamu iko sawa tu wakati mifupa ina hali mbaya, mwili unalinda damu kwanza, mifupa inalipa. Wanaopata sana ni simbilisi wa satini, wale wenye manyoya yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Ule mng'ao unatokana na jeni la kurithi, na ili mtoto awe satini lazima alirithi pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Mzazi anaweza kuwa na manyoya ya kawaida kabisa na bado amelibeba. Sio kila satini ataonyesha dalili ila kama una satini chukulia kwamba yuko hatarini, hata akionekana mzima.

Dalili zinaanza taratibu, na simbilisi ni mnyama wa kuwindwa kwa hiyo anajua kuficha. Anaacha kurukaruka kwa furaha, halafu anaanza kutembea kwa kudunda miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura, halafu anakaa tu. Anapungua uzito. Anakimbilia chakula, anakiokota, kinamdondoka. Ukimgusa mgongo au mapaja anapiga kelele. Sasa shida ni kwamba hizi dalili zinafanana na za magonjwa mengine kibao: ukosefu wa vitamini C unavimbisha viungo na kumfanya asitake kutembea, baridi yabisi ya magoti kwa wazee na wanene inafanana hivyohivyo, vidonda vya nyayo pia, na hata mawe kwenye kibofu yanamkunja mgongo na kumfanya alie akikojoa. Kwa hiyo kama bado hujapiga picha ya eksirei, usikubali kuambiwa "ni mifupa tu" kwa kuangaliwa kwa macho. Omba picha ya mwili mzima pamoja na fuvu, kwa sababu taya ndiyo itakayoamua mengi huko mbele, na omba damu ipimwe kalsiamu, fosforasi na hali ya figo kabla hajaanzishiwa dawa za muda mrefu.

Uzito

Nunua mzani wa jikoni unaosoma gramu moja moja. Huu ni muhimu kuliko kitu kingine chochote utakachonunua, nasema kwa moyo wote, kwa sababu manyoya yanaficha kila kitu na macho yako yanamzoea. Mpime kila siku saa ileile, kabla ya kula asubuhi ni nzuri, mweke kwenye bakuli lenye kitambaa, andika namba na tarehe. Simbilisi mzima huwa kati ya gramu 700 na 1200 hivi, ila cha maana sio yuko wapi bali anaelekea wapi. Kupanda na kushuka gramu kumi au ishirini kwa siku ni kawaida, ni mkojo na chakula tumboni. Akishuka siku tatu mfululizo, au akipoteza gramu 50 kwa siku chache, usingoje, hapo kuna jambo, aidha dawa ya maumivu haitoshi au meno yameanza. Na akikataa kula kabisa kwa nusu siku hiyo ni dharura ya kumkimbiza kwa daktari, sio ya kusema tuone kesho, maana utumbo wa simbilisi ukisimama kuuwasha tena ni kazi ngumu.

Maumivu

Watu wengi wanasubiri mnyama alie ndio wampe dawa. Simbilisi akifikia kulia ameshaumia muda mrefu sana. Angalia vitu vidogo: macho nusu wazi, manyoya yamesimama, anasaga meno akiwa amekaa tu bila kula, amejikunja kwenye kona, hapigi filimbi ukitikisa mfuko wa nyasi wakati zamani alikuwa anapiga. Hiyo ya filimbi mimi naiamini kuliko zote, simbilisi aliyekuwa anakupokea kwa kelele akinyamaza muulize daktari kuhusu dawa.

Dawa inayotumika sana ni meloksikamu ya maji, inapunguza maumivu na uvimbe, na pale isipotosha daktari anaweza kuongeza gabapentini au dawa kali zaidi kama buprenofini. Dozi inapigwa kwa uzito wa huyo mnyama, usichukue kipimo cha mbwa au paka ukagawanya kichwani kwako, simbilisi ana mahesabu yake. Mpe saa zilezile kila siku, akiwa na kitu tumboni, hata kama leo anaonekana mchangamfu, maana ni dawa hiyohiyo ndiyo imemchangamsha. Usimpe dawa yoyote ya binadamu ya maumivu iliyoko kabatini. Na dawa ya aina ya meloksikamu haichanganywi na steroidi, ambazo nazo ni dawa za kupunguza uvimbe, kwa hiyo ukienda kwa daktari mwingine mtajie zote anazotumia.

Halafu kuna hili la antibiotiki, limeua simbilisi wengi mno. Amoksilini na ndugu zake wa penisilini za kunywa, klindamaisini, linkomaisini, erithromaisini, hizi zinaua bakteria wazuri wa tumboni, wabaya wanashika nafasi, na mnyama anakufa kwa kuhara na sumu. Ukiandikiwa mojawapo ya hizi uliza kabla hujampa, hata kama unaona aibu kumuuliza daktari. Daktari anayewajua simbilisi hatakasirika.

Kula, na meno

Simbilisi ana meno 20 na yote hayaachi kukua maisha yake yote, yanapunguzwa kwa kusagana akitafuna nyasi. Taya ikilainika meno yanahama kidogo kidogo, ya nyuma ya chini yanalalia ndani juu ya ulimi mpaka unabanwa chini kama umefunikwa na daraja, na hapo anakuwa na njaa kali lakini hawezi kumeza. Kidevu kinalowa mate. Usijaribu kukata meno nyumbani, ya mbele unayoyaona huwa sio tatizo lenyewe, tatizo liko nyuma ambako huwezi kuona bila kifaa cha kufungulia kinywa na taa, na taya hii ni dhaifu inaweza kuvunjika mikononi mwako. Mwambie daktari aangalie meno ya nyuma kila mnapokwenda, sio siku akiacha kula tu.

Nyasi kavu lazima ziwepo muda wote, hata kama anakula kidogo. Chagua zile laini zenye majani mengi badala ya vijiti vigumu, na kama anashindwa kuvuta zikate fupi kwa mkasi. Nyasi mbichi safi zisizopigwa dawa wengi wanazila wakati za kavu zimewashinda. Mboga zikate nyembamba ndefu ndefu sio vipande vinene, maana akiwa na maumivu ya taya kuuma kipande ni kazi lakini kamba nyembamba anaivuta ndani tu. Pilipili hoho mpe kila siku, ina vitamini C nyingi na haina kalsiamu ya kukutia wasiwasi.

Vitamini C simbilisi hatengenezi mwenyewe, kama sisi binadamu. Mzima anahitaji kama miligramu 10 hadi 30 kwa kilo kwa siku, na mgonjwa daktari anaweza kupandisha mpaka 50. Bila hiyo mifupa na viungo vinaharibika kivyake, kwa hiyo simbilisi mwenye osteodistrofi akikosa na vitamini C anapigwa mara mbili. Usiiweke kwenye maji ya kunywa, inaharibika haraka na ladha inaweza kumfanya aache kunywa. Mpe mdomoni. Na iwe vitamini C peke yake, sio ule mchanganyiko wa vitamini zote, huko ndani kuna A na D ambazo zikizidi ni sumu na hujui unampa kiasi gani. Peleti, yaani vile vipande vikavu vya chakula cha dukani, nazo zina vitamini C iliyoongezwa lakini inapungua kadri mfuko unavyokaa, angalia tarehe, nunua mfuko mdogo.

Kumlisha kwa sirinji

Hii utaifanya siku moja, afadhali ujifunze kabla haijafika. Weka nyumbani unga maalumu wa kulishia wanyama wala majani wagonjwa, ule wenye nyuzinyuzi nyingi, usipokuwa na unga huo loweka peleti zake mpaka zilainike kabisa usage. Changanya na maji ya uvuguvugu mpaka upite kwenye sirinji bila kukwama. Sirinji ndogo ya mililita moja ndiyo nzuri, ncha yake ukiikata kidogo ukailainisha isikwaruze, unga hautaziba.

Mkalishe mapajani kwako au juu ya taulo mezani, miguu yote minne chini, mgongo wake ukiegemea tumbo lako. Usimlaze chali hata mara moja, chakula kitaingia kwenye mapafu. Usimbane kichwa kwa nguvu. Ingiza sirinji kwa pembeni, nyuma ya meno ya mbele pale penye uwazi, elekeza kwenda upande wa pili wa kinywa na sio moja kwa moja kooni, sukuma kidogo sana, mililita 0.2 mpaka 0.5, halafu SUBIRI atafune ameze. Hapo ndipo watu wanakosea kwa haraka. Akitema mpe dakika, jaribu tena, akitafuna hata bila kumeza vizuri bado meno yanafanya kazi na hiyo ni faida.

Kama hali kabisa lengo ni mililita 50 hadi 80 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani wa gramu 900 ni kama mililita 45 mpaka 72, umegawanya milo mitano sita na mmoja uwe usiku. Najua inachosha, mlo mmoja unaweza kula nusu saa na una kazi kesho, lakini huu ndio muda unaomvusha. Kama anakula mwenyewe ila uzito unashuka taratibu, milo miwili ya kujazia inatosha mara nyingi. Ukimaliza mfute kidevu na shingo kwa kitambaa cha maji vuguvugu umkaushe, chakula kikigandia pale ngozi inachubuka.

Kalsiamu, vitamini D na mwanga

Nikisema mifupa inapoteza kalsiamu basi akili ya mtu yeyote inasema nimuongezee kalsiamu. Nakuelewa. Lakini tatizo kwa hawa wa satini halikuanzia kwenye upungufu wa chakula, simbilisi wawili wanakula bakuli moja mmoja anaumwa mwingine mzima, na kalsiamu inayozidi simbilisi anaitoa kwa mkojo, hapo ndipo mawe ya kibofu yanapotokea na utakuwa umemuongezea maumivu juu ya maumivu. Kwa hiyo kalsiamu ya ziada, vitamini D, au kumruhusu lusani (majani ya alfalfa, yana kalsiamu nyingi) ambayo kwa mkubwa wa kawaida tunaikataza, haya yote yaamuliwe na daktari mwenye majibu ya damu mkononi, na yarudiwe kupimwa. Usianze mwenyewe. Unachoweza kufanya bila kuuliza mtu ni kuondoa nafaka, mbegu na karanga, zina fosforasi nyingi kuliko kalsiamu na fosforasi ikizidi inasukuma mwili kuchota zaidi kwenye mifupa.

Mwanga wa UVB, ile miale ya jua isiyoonekana kwa macho, unasaidia ngozi kutengeneza vitamini D na mimi naona ni jambo la kuongea na daktari, hasa kwa mnyama anayeishi ndani siku zote. Ujue tu kioo cha dirisha kinazuia UVB, kumuweka nyuma ya dirisha lililofungwa anaota joto na hapati kitu. Ukimtoa nje awe chini ya ulinzi, sehemu yenye kivuli anachoweza kukifikia kwa hatua mbili sio kumi, maana huyu hawezi kukimbia, na joto linaua simbilisi haraka mno. Ukitumia taa ya UVB fuata umbali ulioandikwa na mtengenezaji, weka upande mmoja tu wa banda ili akitaka akae gizani, na ubadilishe balbu muda wake ukifika hata kama bado inawaka, UVB inaisha kabla ya mwanga.

Banda lake

Kila kitu kiwe chini na karibu. Ondoa ghorofa, ngazi na mteremko, ondoa kizingiti chochote anachopaswa kuruka. Nyasi zimwage sakafuni au kwenye trei ya chini badala ya kapu la ukutani, maana kunyanyua shingo kunauma. Weka bakuli la maji zito lisilopinduka pamoja na chupa yake aliyoizoea, halafu angalia anatumia kipi. Kibanda cha kujificha kiwe na mlango mpana au milango miwili ili asibanwe.

Sakafu ya waya hapana kabisa. Blanketi la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoyamanyoya, juu ya kitu kinachofyonza ndilo zuri, linashika miguu isiteleze, na miguu ikiteleza mfupa mwembamba unaweza kuvunjika hapohapo. Anayekaa sehemu moja atakojolea anapolala kwa hiyo weka vitambaa vidogo juu ya flisi pale anapopenda, ubadilishe mara kadhaa kwa siku bila kufumua banda zima. Kila jioni mgeuze kidogo uangalie nyayo kama zina wekundu au magamba, tumbo na sehemu ya nyuma kama zimelowa. Simbilisi mzima huwa anajikunja na kula kinyesi fulani laini moja kwa moja kinapotoka, na huyu mwenye mgongo mgumu hafiki, kwa hiyo kinaganda nyuma. Msafishe kwa maji vuguvugu umkaushe vizuri, na kwenye msimu wa nzi angalia asubuhi na jioni bila kukosa, nzi akitaga pale funza wanamla akiwa hai. Kucha zitakua haraka kwa sababu hatembei, zikate kidogo kidogo mara kwa mara.

Kumbeba: mara chache iwezekanavyo na kwa mikono miwili siku zote, mmoja chini ya kifua, mwingine umebeba makalio na miguu yote ya nyuma, mlete kifuani kwako kwanza ndipo usimame. Njia nzuri zaidi ni kumzoesha kuingia mwenyewe kwenye kikapu au mfuko wa flisi, ubebe huo. Watoto wamshike wakiwa wamekaa sakafuni tu, na kwa huyu bora wampe mboga kwa mkono badala ya kumbeba.

Mwenzake usimtoe. Simbilisi ni wa kuishi wawili na zaidi, mgonjwa akiwa peke yake mara nyingi ndio anazidi kunyong'onyea. Kama mwenzake anamsukuma au kumpanda tenganisha kwa wavu ili waonane, wanusane na kula pamoja pande mbili, na wakati wa mboga kaa hapo uhakikishe mgonjwa amemaliza fungu lake. Usimzalishe, na wala ndugu zake wa tumbo moja wasizalishwe, wala wazazi wao. Jike mwenye huu ugonjwa akibeba mimba watoto wanachukua kalsiamu kwenye mifupa ambayo tayari haina. Mwambie aliyekuuzia pia, hata kama mazungumzo yatakuwa magumu.

Kujua imefika

Itakuja siku dawa zimefika juu na bado amejikunja. Ili usije ukaamua kwa hofu au ukachelewa kwa mapenzi, andika mapema, akiwa bado ana nguvu, vitu vitatu anavyovipenda yeye, labda kupiga filimbi saa ya mboga, kulala amenyoosha miguu, kumfuata mwenzake. Kwenye lile daftari la uzito weka alama kila siku ni vingapi amefanya. Siku za sifuri zikianza kufuatana, au mfupa mkubwa umevunjika, au hawezi tena kumeza hata kwa sirinji, mpigie daktari muongee kuhusu kumpumzisha. Omba apewe kwanza dawa ya usingizi mzito ndipo sindano ya mwisho, na uliza kama unaweza kukaa naye mpaka alale.

Mwenzake mpe nafasi ya kumnusa baadaye kama inawezekana, kuna wanaotulia haraka zaidi hivyo. Halafu huyo aliyebaki mpime uzito kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, maana simbilisi aliyeachwa peke yake anaweza kupunguza kula kabisa, na ukiona anashuka anza kumtafutia mwenzake mwingine bila kusubiri wewe mwenyewe uwe tayari.